Kadi Moja, Namba Mbili

Mwaka uliofuata mvua za El Niño nilikuwa mwalimu wa kompyuta mjini Kisii, na fundi wa kompyuta hizo hizo, na mfagiaji wa vumbi lake inapobidi. Chuo chetu kilikuwa na vyumba viwili tu. Cha mbele kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la mzee mmoja Mhindi, na cha nyuma kilikuwa ng'ambo ya kichochoro, juu ya ghala la duka hilo hilo. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, na nilikuwa na kiburi cha mtu anayejua kitu ambacho wazazi wake hawakijui. Hasira zangu pia zilikuwa karibu. Mwanafunzi akiniuliza jambo moja mara tatu nilianza kupumua kwa nguvu, na wote walijua maana yake.

Kati ya wanafunzi wangu mmoja alikuwa mama mdogo wangu, mdogo wake mama yangu mzazi. Mama alipougua kwa muda mrefu, huyu ndiye aliyenichukua nyumbani kwake karibu na Kebirigo, akanilea pamoja na watoto wake mpaka nikamaliza sekondari. Alikuwa mpiga chapa katika kituo cha afya cha huko. Kwa miaka kumi na moja alipiga chapa barua za kuwaajiri watu wengine, wauguzi, walinzi, hata mpishi, na yeye mwenyewe bado alikuwa kibarua, hana barua yoyote yenye jina lake. Sasa kituo kilikuwa kinangoja kompyuta, na kazi ya karani ilikuwa imeandikwa upya: lazima mtu awe na cheti cha kompyuta. Daktari wa kituo alimwambia wazi, bila ubaya, kwamba akileta cheti mwisho wa mwezi kazi ni yake, tena ya kudumu. Asipoleta, itatangazwa, na vijana wenye vyeti walikuwa wengi kama mvua.

Ndipo akaja kwangu. Kila Jumatatu na kila Ijumaa baada ya kliniki alipanda ngazi zetu akiwa na viatu vyake vya kanisani, akaketi mbele kabisa, akanyoosha mgongo. Aligonga vibonye vya kompyuta kwa nguvu kama vya taipureta yake, hata nikamwambia atavitoboa. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa na hakukosa somo hata moja. Mtihani wake ulikuwa Jumatano ya mwisho wa mwezi, na uliofuata ungekuwa baada ya miezi sita.

Nieleze sasa mambo yalivyokuwa ndani ya waya, nisimwache mtu nyuma. Katika kila chumba kulikuwa na kompyuta moja kubwa tuliyoiita mama. Zile ndogo za wanafunzi hazikuwa na diski, zilikuwa maganda tu. Ukiziwasha zilituma wito kwenye waya, zikamwita mama wa chumba cha mbele, naye akazipa kila kitu cha kuziamsha. Zilimwita kwa namba. Kila kadi ya mtandao, ile inayochomekwa ndani ya kompyuta ili waya uingie, hutoka kiwandani na namba yake, na namba hiyo haifai kufanana na ya kadi nyingine. Fundi aliyetuanzishia chuo alikuwa ameichoma namba ya mama wa mbele ndani ya kidude fulani katika kila kompyuta ndogo. Kisha akahamia Nairobi na kuacha kupokea simu zetu. Zile ndogo zilijua namba moja tu, na hapakuwa na mtu wa kuzifundisha nyingine.

Mama wa chumba cha nyuma alikuwa na kazi moja, kutunza programu ya mtihani. Wenye mtihani huko Nairobi walikuwa waangalifu. Ili chuo kisinakili mtihani na kuugawa ovyo, waliuandikisha kwa namba ya kadi ya mama huyo wa nyuma. Mwanafunzi akifungua mtihani kwenye kompyuta yake, programu ilibisha hodi kwanza kwa namba hiyo. Ikijibiwa inafunguka, isipojibiwa inajifunga. Wala haikubisha mara moja tu, ilirudia kila dakika chache hadi mtihani uishe. Kwa hiyo vyumba viwili vilihitaji kuunganishwa kwa waya.

Waya huo niliupitisha mimi. Mkuu wa chuo, mzee mtaratibu na Msabato wa kweli, alitaka tuushushe ukutani na kuupitisha chini ya kichochoro ndani ya bomba. Mimi niliona hiyo ni kazi ya wiki nzima. Asubuhi moja niliazima ngazi dukani, nikautandaza juu ya mabati, nikaufunga kwa kamba penye misumari, na kufikia saa nne nilikuwa nimeshuka. Alinisifu mbele ya wanafunzi. Nilipenda sana kusifiwa siku zile.

Sasa, mtu wa kwetu hahitaji kufundishwa habari za radi. Wingu likijikusanya upande wa Manga mchana, mama anaingiza jembe na panga ndani, anafunika kioo kwa leso, anawafukuza watoto mlangoni. Chuoni tuliiendeleza desturi hiyo kwa njia yetu. Mvua ikinukia tu, tulizima kompyuta zote na kung'oa plagi ukutani moja baada ya nyingine, na karani wetu alifunika kile kioo kidogo alichojitazamia akijipaka mafuta. Tulijiona wajanja. Hakuna hata mmoja wetu, nami nikiwa wa kwanza, aliyefikiri kwamba radi haitaki plagi ikiwa imeanikiwa waya juu ya bati.

Ilipiga Alhamisi mchana, siku sita kabla ya mtihani. Plagi zote zilikuwa zimeng'olewa, nami nilikuwa dirishani natazama watu sokoni wakikimbia na maturubai. Kukawa na mlio mmoja mkavu, si wa angani bali wa humo humo chumbani, na harufu ya kitu kinachoungua. Mvua ilipopungua nilivuka kichochoro nikafungua chumba cha nyuma. Mama wa nyuma alikuwa amekufa kabisa, kadi na vyote. Diski yake tu ndiyo ilikuwa nzima. Yule wa mbele alikuwa bado anapumua lakini kadi yake ilikuwa na doa jeusi la ukubwa wa punje ya mahindi. Zile ndogo nyingi zilinusurika, sijui kwa neema gani, na ziliwatosha watahiniwa wetu saba.

Nilijua mara moja kosa ni la nani. Mkuu alitazama waya, akatazama mabati, akanitazama mimi. Ningependelea anigombeze.

Alipiga simu Nairobi kutoka dukani. Wakamwambia kubadili namba iliyoandikishwa kunahitaji barua, fomu na mtu wa kuja kukagua, basi watahiniwa wetu wangoje mtihani ujao. Miezi sita. Nilishuka ngazi nikakaa kwenye gunia la simenti nikalia, na sikuwa nawalilia watahiniwa saba. Nilikuwa namlilia mmoja.

Mzee mwenye duka alizaliwa Kisii na Kigusii chake kilinishinda mimi ninayejidai mwenyeji. Aliniacha nilie kidogo, kisha akaniuliza ni kitu gani hasa kimeungua. Nikamwambia kadi. Akaingia ndani akarudi na sanduku jembamba, bado lina karatasi yake.

"Kijana wangu alininunulia na ile kompyuta ya stoo," akasema. "Mimi nina kompyuta moja. Kadi ya kuongea, nitaongea na nani? Chukua, utarudisha ukimaliza."

Ilikuwa kadi moja. Kisii nzima hapakuwa na nyingine, na Kisumu tulikouliza walisema labda wiki mbili. Na hata ingepatikana ya pili, mama wa mbele alikuwa na tundu moja tu la aina ile.

Ijumaa asubuhi niliichomeka. Diski ya marehemu nilikuwa nimeshaihamishia kwa aliye hai, kwa hiyo mtihani ulikuwa humo, na waya nilikuwa nimeushusha kutoka kwenye bati na kuutupa. Nilijua jambo moja la kutia moyo: kadi kama ile unaweza kuiandikia namba nyingine ikasahau ya kiwandani. Basi niliipa namba ya mama wa mbele. Kompyuta ndogo zikaamka zote, nikapiga makofi. Nikafungua mtihani, ukabisha hodi kwa namba ya yule wa nyuma, hakuna wa kuitika, ukajifunga. Nikaipa kadi namba ya pili. Mtihani sasa ulikuwa na wa kuuitikia, lakini zile ndogo zililala palepale, maana aliyekuwa akizilisha ametoweka. Nikajaribu kuziamsha kwanza halafu kubadilisha haraka. Ziliganda. Nilizunguka hivyo tangu saa tatu hadi saa nane, natoa hii naweka ile, kama mtu anayejifunika blanketi fupi.

Mama mdogo alikuja saa nane na nusu kwa mazoezi yake. Mkuu alikuwa na sheria kwamba Kigusii kinabaki chini ya ngazi, kwa hiyo ndani tulizungumza Kiswahili, chake kikiwa cha kuungaunga. Alinitazama nikibadilisha namba, nami nikamweleza kwa nini.

"Hii kadi, haiwezi kuwa wote wawili?"

"Mama mdogo, hii ni mashine!" nilifoka. "Si mtu!"

Alifungua mkoba wake, akatoa ndizi mbili za kuchemsha zilizofungwa kwenye jani, akaniwekea moja mezani. Nilijisikia vibaya sana. Sikuomba msamaha, nilikula ile ndizi, na kwa kuwa mikono ilihitaji kazi nikaikunjua karatasi iliyokuja na kadi. Ilikuwa ya maandishi madogo kama mchwa. Chini kabisa, mahali ambapo hakuna mtu anayefika, waliandika kwamba kadi ile ina orodha ndani yake, na katika orodha hiyo waweza kuweka hadi namba kumi na sita ambazo itazisikia zikiitwa.

Niliisoma mara tatu, na mara hii sikupumua kwa nguvu. Kumi na sita! Mimi nilitaka mbili. Nikamwambia mama mdogo kwamba ndiyo, inaweza, na akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa kwamba kuna maji mtoni.

Ilinichukua mchana wote kuandika maelekezo ya kuiwekea orodha. Saa kumi na moja kasoro niliwasha. Kompyuta ndogo ziliamka. Mama mdogo aliketi kwenye yake, akafungua mtihani. Ukurasa wa kwanza ukatokea, tukashikana mikono, na kabla hatujaiachanisha ukurasa ukafungwa. Tukarudia. Ukafunguka kwa kufumba na kufumbua, ukajifunga. Kadi ilikuwa inasikia, hilo niliweza kuliona kwenye kioo cha kompyuta. Wito ulifika kwa namba ya pili, na jibu lilitoka. Kwa nini basi mtihani ulikataa kana kwamba haukujibiwa?

Sikupata nafasi ya kujua. Jua lilikuwa linaelekea kutua, Sabato ilikuwa inaingia, na mkuu alisimama mlangoni na funguo.

"Mzee, siku moja tu," nilimsihi. "Watu saba."

"Jumapili asubuhi nitakufungulia mapema," akasema. "Leo na kesho, hapana."

Mama mdogo alikuwa upande wake, alikuwa ameshavaa kitambaa kichwani. Nilikereka mno. Nilikuwa na siku nne na walinitaka nitupe moja nzima kanisani.

Jumamosi baada ya ibada mimi na mama mdogo tulikwenda nyumbani kwao, kwa nyanya aliyemzaa, upande wa Ekerenyo, kula kile chakula cha Sabato, kilichopikwa jana yake na kupashwa moto tu. Ili nieleweke, lazima niseme jambo kuhusu majina ya mama mdogo. Kwetu mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo. Alipozaliwa alipewa jina la mama yake babu yangu. Akalia miezi mitatu, mchana na usiku, maziwa akayakataa. Wazee wakasema yupo mwingine anayetaka kuitwa. Wakawa wanataja majina ya wafu mmoja mmoja mbele ya mtoto, na walipolitaja la mdogo wake nyanya, aliyekufa akiwa bado msichana, mtoto akanyamaza. Nasimulia nilivyosimuliwa. Basi akabaki na yote mawili, na upande wa baba walimwita kwa moja, upande wa mama kwa lingine.

Wala hayakuwa majina matupu. Shangazi yake, dada ya babu, bibi kizee wa macho hafifu, alipomwita kwa jina la kwanza alikuwa anamwita mama yake mzazi, na alitaka kuitikiwa kama mtoto. Nyanya alipomwita kwa jina la pili alikuwa anamwita mdogo wake wa kuchokozana naye, na mama mdogo alimjibu kwa maneno ya utundu ambayo hakuna mtu mwingine angethubutu kumwambia nyanya.

Siku ile mama mdogo alikuwa jikoni anapakua chinsaga, zile mboga chungu za kwetu, na maziwa ya mgando. Yeye na nyanya walikuwa wanataniana kwa sauti, nyanya akidai mdogo wake siku zote alikuwa mvivu wa kuteka maji. Shangazi akiwa amekaa uani nami, akamwita kwa lile jina la upande wa baba. Mama mdogo, ulimi bado uko kwenye utani, akapaza sauti kutoka jikoni:

"Nawe uache kelele, kwani huna miguu?"

Shangazi aliweka kikombe chini polepole.

"Mimi nimemwita mama yangu," akasema. "Huyu aliyenijibu ni nani?"

Na akagoma. Tulimletea sahani, akageuza uso. Alikuwa amesikika, alikuwa amejibiwa, na hata hivyo kwake ilikuwa sawa na kutojibiwa. Nyanya alicheka hadi akakohoa, lakini mama mdogo hakucheka. Alitoka jikoni, akafuta mikono kwenye leso, akasimama mbele ya yule mzee na kusema kwa sauti nzito ya mwanamke mwenye miaka yake:

"Nipo, mwanangu. Kula kabla hakijapoa."

Shangazi akapokea sahani kwa mikono miwili, uso umemkunjuka.

Mimi nilikuwa nimesimama na tonge la ugali wa wimbi mkononi. Niliona kila kitu. Kadi ilisikia namba zote mbili zikiitwa, lakini ilipojibu, ilijibu kwa moja tu, ile ya kwanza, siku zote ile ya kwanza. Mtihani ulimwita mmoja ukaitikiwa na mwingine, ukaweka kikombe chini. Kusikia mara mbili ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kuitika kwa lile lile uliloitwa.

"Mbona hukai?" nyanya akauliza.

"Nimepata," nikasema.

"Umepata nini, umeme?"

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Halafu nilimfuata mama mdogo jikoni nikamwomba msamaha kwa kumfokea. Alikuwa amekwisha sahau, au alisema hivyo. Nilimwambia pia kwamba waya juu ya bati ulikuwa kazi yangu, kwamba kama akikosa kazi ile ni kwa sababu ya haraka yangu mimi. Aliendelea kusugua sufuria.

"Nilijua," akasema. "Kwani nani mwingine chuoni anaweza kupanda bati akiwa na sketi?"

Jumapili mkuu alinifungulia saa moja, kama alivyoahidi. Sikuandika mistari mingi. Kila wito ulipofika, nilitaka kadi itazame umeitwa kwa namba gani, na jibu litoke na namba hiyo hiyo. Nilikosea mara nyingi, na kila kosa lililaza kompyuta zote, nikaanza kuziamsha upya. Saa saba wingu likatanda na tukang'oa plagi tukangoja. Saa tisa mvua ikapita. Nikawasha, zile ndogo zikaamka, nikafungua mtihani kwenye kompyuta ya mama mdogo, ile ya mbele kabisa, nikaweka mikono mapajani.

Ukurasa ulifunguka ukabaki wazi. Dakika tano. Kumi. Nilisikia moyo wangu kila mtihani ulipobisha hodi. Baada ya nusu saa nilikimbilia dukani kumwambia mzee, nikakuta ni Jumapili, duka limefungwa, nikarudi juu nikamwambia mkuu. Alivua miwani, akaifuta, akasema sala fupi palepale. Jumatatu alipiga simu Nairobi na kueleza kila kitu tulichofanya, maana hakuwa mtu wa kuficha. Nilisimama karibu naye roho mkononi. Aliyepokea alimuuliza kama diski ni ile ile na mtihani ni ule ule. Akasema ndiyo. Wakamruhusu kuendelea, fomu zifuate.

Jumatano saa tatu watahiniwa saba waliketi. Mama mdogo aligonga vibonye kwa nguvu zake zote, na kila alipofika mwisho wa mstari mkono wake wa kushoto uliinuka wenyewe kusukuma kitu kisichokuwepo, kama kwenye taipureta. Sikumsahihisha. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mama wa mbele nikitazama wito ukiingia na majibu yakitoka, huu kwa namba hii, ule kwa namba ile, saa mbili nzima bila hata mmoja kukosea njia. Walimaliza wote kabla wingu halijafika. Alama zilitokea papo hapo. Zake hazikuwa za juu kuliko zote, lakini zilikuwa za kutosha na zaidi, na alisoma kioo mara mbili kisha akanigeukia, machozi yakimshuka mashavuni wazi wazi mbele ya vijana wale.

Wiki iliyofuata nilikwenda kituo cha afya kufungua masanduku ya kompyuta yao. Niliipanga mezani, nikaunganisha printa, nikaweka taipureta ya zamani juu ya kabati. Wagonjwa walikuwa wamejaa kwenye mabenchi ya nje. Mama mdogo aliketi, akavaa miwani, akauweka mkoba wake miguuni. Daktari akaingia na karatasi aliyoiandika kwa mkono.

"Karani, nipigie hii barua nitie sahihi."

Aliipokea bila kuisoma, kama alivyozipokea barua zote kwa miaka kumi na moja. Akaandika anwani ya kituo, akaandika tarehe, akaandika kwamba ni barua ya kuajiriwa kwa kudumu. Kisha akafika kwenye jina, na lilikuwa lake. Vidole vikasimama.

"Daktari, hapa umekosea."

"Sijakosea. Andika."

Aliandika herufi moja moja, polepole, kwa ncha ya kidole, yeye ambaye macho yake hayakuwahi kutazama vibonye. Alipomaliza barua yote aliuliza lile swali lake la kazini la kila siku, nakala ngapi.

"Mbili," daktari akasema. "Moja ya faili, moja ya mwenyewe."

Mama mdogo, kwa mazoea ya miaka yote ile, akageuka kutazama benchi la nje, kuona kama mwenyewe amefika.